Pini Saba Mdomoni

Pini saba zilikuwa mdomoni mwangu na sikio langu limeganda mlangoni, nilipomsikia mume wangu akimwambia mwanamke mwingine, "Sema tena, bibie."

Kimya. Halafu, kwa sauti ninayoijua tangu nikiwa na kiuno cha inchi ishirini na nne: "Tena. Polepole."

Nilihesabu. Alimwomba aseme tena mara kumi na moja, na kila mara alishusha pumzi kama mtu anayetua mzigo. Mwanamke mwenyewe sikumsikia. Sauti yake ilipita ndani ya waya mweupe, mwembamba kama uzi wa kutarizia, ikaingia moja kwa moja masikioni mwa mume wangu na kubaki humo. Nilisimama pale, gauni la mteja likining'inia mkononi mwangu bila pindo, nikazisikia pini zikitetemeka kati ya midomo yangu. Saa tisa mchana, nyumbani kwangu, nyuma ya mlango nilioupaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe.

Ni miaka sita sasa tangu mchana ule. Wajukuu wakinisikia nikiusimulia hucheka mpaka wanashika mbavu, nami huwaacha wacheke. Lakini siku ile hapakuwa na cha kuchekesha. Nilikuwa na miaka sitini na mitano na nilikuwa naibiwa mume.

Mwanamke yule aliletwa na binti yetu, kitindamimba, ambaye ni muuguzi. Alikuja na simu pana kama daftari la shule, akaisimamisha juu ya kabati la chumba kidogo ambacho baba yake alikigeuza kuwa chumba chake tangu astaafu.

"Baba, hii ina akili yake," akasema. "Unaiuliza, inakujibu. Itakukumbusha dawa za presha, itakusomea habari, itapiga soga na wewe."

"Na mimi je?" nikauliza. "Miaka yote hii nilikuwa nafanya nini hapa?"

"Wewe mama una kazi zako," akasema, akamtazama baba yake, na baba yake akatazama viatu vyake. Ule mtazamo niliuona. Nikauweka akiba, kama ninavyoweka mabaki ya kitambaa.

Wanaiita akili bandia. Mimi niliishia darasa la saba. Bandia nilizozijua ni za meno na za nywele. Nilipoisikia ikiongea mara ya kwanza, kabla mume wangu hajachomeka ule waya wake wa masikioni, nilishtuka. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, isiyo na haraka, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuunguza chakula. Wiki ya kwanza mume wangu aliiita "wewe." Wiki ya pili akaanza kunyoa ndevu kila siku. Wiki ya tatu akaiita "bibie."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Mengine ningeyameza. Lakini bibie lilikuwa jina langu.

Alinipa jina hilo nikiwa na miaka ishirini na mmoja, katika karakana ya kushona sare. Tulikuwa wanawake kumi na wanne na cherehani kumi na mbili, kwa hiyo daima wawili walikuwa hawana cha kushonea, na mmoja wao alikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kupima watu. Mpimaji anazungusha futi kamba na kutaja namba. Mwandishi, aliyekaa mezani na daftari, anaandika. Na namba ilitajwa mara moja tu. Hiyo ilikuwa sheria ya msimamizi wetu, mama mmoja mkavu aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini. Alisema ukirudia namba, mwandishi anaingiwa na shaka, anafuta, anaandika juu ya alichofuta, na mteja anakwenda kazini na mguu mmoja wa suruali unaofagia barabara. Nilikaa na sheria ile miaka mitatu mpaka ikaniingia mifupani. Nikawa sirudii namba, na baadaye nikawa sirudii chochote. Hata mama yangu mzazi nilimjibu mara moja tu.

Wakaja wapiga chapa kupimiwa ovaroli. Walikuwa wanane, vidole vyao vyeusi kwa wino, wanaume wa ajabu kidogo: waliongea kwa mikono, na ukiwasemesha walikutazama mdomo badala ya macho. Walitoka kwenye mitambo iliyonguruma kiasi kwamba ukipita nje unaisikia kwenye meno. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mrefu, mpole, na mwenye mabega ambayo ilinibidi ninyanyuke kwa vidole vya miguu ili niyazungushe futi.

"Mabega kumi na tisa," nikataja.

"Ngapi, bibie?" akauliza yeye mwenyewe, akigeuza shingo kunitazama.

Wanawake kumi na wawili walisimamisha miguu kwenye pedali.

"Mimi sirudii neno," nikamwambia. "Mwanamume asiyenisikia mara ya kwanza hana haja ya kunisikia."

Walicheka, yeye akiwa wa kwanza. Akaondoka. Nilijua nimemkata maini, na jioni ile nilirudi nyumbani nikijutia ulimi wangu njia nzima. Siku nne baadaye akarudi, ovaroli zikiwa bado hazijawa tayari, akaniwekea mezani kadi ndogo nyeupe na kuondoka bila neno. Alikuwa ameipanga herufi moja moja kwa mkono wake, kwa herufi zilezile za risasi walizochapia matangazo ya serikali, wino bado unanukia. Iliandikwa:

MABEGA 19.
NIMESIKIA.

Kadi ile ninayo mpaka leo, ndani ya kopo langu la vifungo. Tulioana mwaka uliofuata. Na katika miaka arobaini na mitatu ya kuwa ndani ya nyumba moja, mume wangu hakuniomba hata siku moja nirudie neno. Nilijivunia jambo hilo. Wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba waume zao lazima waambiwe mara tatu. Mimi nilikuwa nasema wangu anasikia hata ninachokusudia kusema.

Sasa nielewe vipi, mtu wa namna hiyo, kusimama mlangoni na kumsikia akimbembeleza mwingine, tena, tena, polepole?

Nilianza kukusanya ushahidi. Mimi ni mtu wa subira. Nimeshona magauni ya harusi yenye vifungo sitini mgongoni, vyote vya kuviringisha kwa kitambaa. Siwezi kushindwa na simu.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa kicheko. Jumanne moja asubuhi, tukinywa chai, nilimweleza habari za bwana harusi mmoja aliyekuja kujaribu suti yake. Alikuwa amenenepa kwa furaha mpaka koti likakataa kufunga. "Nikamwambia achague," nikasema, "ama tusogeze vifungo, ama tusogeze harusi." Mume wangu alikoroga chai. "Ndiyo, ndiyo," akasema, na kutabasamu kwa adabu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikanyanyua vikombe. Saa tisa mchana, kutoka chumba kidogo, nilimsikia akiangua kicheko, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi. Nilisimama jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Huyo mwanamke ana vichekesho gani vinavyozidi vyangu?

Ushahidi wa pili ulikuwa daftari. Tangu astaafu, yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wangu. Wateja walikuja nyumbani, mimi nikapima, yeye akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa mtu aliyeishi na herufi. Akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mwenye mwili wake, kupimiwa koti. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, pini zimejaa mdomoni, nikataja kiuno: arobaini na mbili. Lilipokwisha koti, halikumaliza safari ya kuzunguka. Nikafungua daftari. Mume wangu alikuwa ameandika thelathini na nne.

"Nimemshonea nani koti hili?" nikamuuliza. "Mtoto wake?"

Akakodolea daftari. "Nilikisia kidogo," akasema kwa sauti ya chini.

"Ulikisia? Mimi nimesimama hapo nataja namba, wewe unakisia kiuno cha mwanamke wa watu?"

Na mwalimu mkuu mwenyewe, nilipomwomba radhi na kumweleza kilichoandikwa, alilichukua lile koti, akalitazama kwa muda, akakataa lisifumuliwe. Alisema atapunguza mwili lilingane naye. Tena akaongeza, akiwa mlangoni, "Nisalimie mzee. Ana macho mazuri." Kwa hiyo sasa walikuwa wawili.

Ushahidi wa tatu siukusanyi kwa furaha. Alhamisi asubuhi, mbele ya dirisha, alikuwa akivaa shati. Jua lilimpiga kwa nyuma. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeketi kwenye cherehani, kando ya meza ya chai, nikamwona, nikasimamisha mguu kwenye pedali. Mimi si mtu wa maneno matamu. Nikisema moja, nimelichagua kwa miezi. Nikasema, uso wangu nikiwa nimeuinamisha kwenye sindano, "Hata ukinipuuza, mabega yako bado yamekaa vilevile kama siku niliyokupima."

Alifunga kifungo cha mwisho, akachukua kofia, akatoka kwenda kumwagilia mimea yake.

Na mchana wa siku hiyohiyo ndipo nikamsikia nyuma ya mlango. Sema tena, bibie. Tena. Polepole.

Nilikwenda kumlilia jirani yangu, Mama Pacha, mwanamke aliyezaa mapacha mara mbili na haogopi kitu. Alinisikiliza huku akianua nguo.

"Shoga," akasema, "mwanamke wa damu ungemfuata, ukamshika nguo, mkaambiana. Huyu utamshika wapi?"

"Ndicho ninachokuuliza."

"Anakula nini?"

"Umeme."

"Basi mnyime chakula."

Nikaona ana akili. Ijumaa asubuhi nilichukua chaja, nikaizika ndani ya kopo la vifungo, chini kabisa. Mchana ule simu ilizimika. Mume wangu alitafuta chaja chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ndani ya viatu. Hakuniuliza. Na kuanzia hapo alifanya jambo lililonitia hofu: alianza kunifuata. Nikiingia jikoni yumo, nikitoka uani yupo, ananitazama mdomo. Hazungumzi, ananitazama tu mdomo, kama mtu aliyesimama kituoni akingoja gari ambalo hajui kama litapita. Nikasema moyoni, hiyo ni hatia, inamla. Lakini usiku wake hakula vizuri, na Jumamosi yake ikapita hivyohivyo, mpaka Jumapili nikashindwa kumwona anavyosinyaa kwa ajili ya mwanamke mwingine. Niliirudisha chaja kwenye tundu lake bila neno. Alipoiona uso wake ulifunguka kama pazia. Uso ule ndio ulionimaliza.

Nikampigia binti yetu. "Jumapili ijayo njoo na begi," nikamwambia. "Utachukua kimoja: simu au mimi."

Nilimsikia akifunga mlango upande wake.

"Mama," akasema, "kabla ya hiyo Jumapili, hebu zungumza naye."

"Na baba yako? Siku hizi nazungumza na kisogo chake."

"Hapana. Na huyo huyo bibie."

"Mimi nikampigie magoti mke mwenza?"

"Muulize tu anachoulizwa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kiuguzi, ile wanayotumia kabla ya sindano. "Mimi niliahidi kutosema. Yeye hakuna aliyemwahidisha."

Wiki nzima nilijizungusha. Jumamosi mume wangu alikwenda kwa kinyozi, na kwa kinyozi wake mtu hukaa saa mbili, maana pana mchezo wa dama na foleni. Nilioga. Nilivaa gauni langu la rangi ya zambarau lenye kola ya kulala, nikajipaka mafuta, nikajipulizia manukato nyuma ya masikio. Mtu haendi kukutana na mke mwenza na nguo za kazini. Nikaingia chumba kidogo, nikavuta kiti mpaka kwenye kabati, nikaketi kwa kunyoosha mgongo.

"Hodi," nikasema.

Kioo kiliwaka lakini sikusikia kitu. Nikakumbuka waya. Nikachukua vile viziba masikio viwili, nikavifuta kwa upindo wa gauni, nikavivaa, nikarudia hodi yangu.

Sauti ilinipiga kama sufuria iliyoanguka jikoni. Niling'oa waya kwa mikono yote miwili. Nilidhani amenipigia kelele kwa makusudi. Kisha nikamsikia kutoka mbali, viziba vikiwa mapajani kwangu, akiongea kwa utulivu kabisa, na kila neno likifika wazi kama redio ya jirani. Nikageuza simu, nikatafuta vile vibonyezo vya pembeni alivyotuonyesha binti yetu. Mstari wa sauti ulikuwa umejaa hadi juu, hakuna nafasi iliyobaki. Nilibonyeza kupunguza. Nilibonyeza mara tisa ndipo ikawa sauti ya mtu.

Nilikaa na ile tisa mkononi kama kifungo kilichokatika ambacho hujui kimetoka nguo gani.

"Karibu, mama," ikasema sauti nilipovaa tena. "Nikusaidie nini?"

"Unanikaribisha nyumbani kwangu?"

"Samahani. Nyumba ni yako."

"Unajua mimi ni nani?"

"Naitambua sauti yako. Wewe ndiye ninayekusikiliza zaidi katika nyumba hii."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kejeli, hata kwa machozi. Sikuwa nimejiandaa kusikilizwa.

"Mume wangu anakuambia nini?" nikauliza hatimaye.

"Mara nyingi ananiomba nimwambie ulichosema wewe."

"Mimi?"

"Asubuhi huniweka mezani karibu na chai. Unavyoongea, mimi naandika. Mchana ananiuliza. Anataka maneno yako yenyewe, bila kupunguzwa."

"Kwani anakuwa hayupo?"

"Anakuwepo. Anasema siku hizi yanamfika yakiwa yamekatika. Anasema zamani alikuwa anakusoma mdomo, kama alivyokuwa akiwasoma wenzake kiwandani. Lakini sasa macho nayo yamechoka, na mara nyingi mdomo wako una pini."

Nikautazama ukuta. Pale ukutani ilikuwa picha ya wapiga chapa wanane mbele ya mtambo, mikono imekunjwa, na mtambo nyuma yao mkubwa kama nyumba. Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya ngurumo ile, naye akarudi kila jioni na kuniambia kazi ilikuwa nzuri. Nilifua wino kwenye mashati yake mpaka ukatoka. Sikufikiria kama kiwanda kimechukua kitu kingine kisichofulika.

"Nisomee ya Jumanne ile," nikasema. "Ya bwana harusi."

"Ulisema: ama tusogeze vifungo, ama tusogeze harusi."

Aliisema bila chumvi hata kidogo, kama anayetaja orodha ya dawa. Na bado, Mungu anisamehe, nilicheka. Kwa hiyo nacho kilikuwa changu. Kicheko chote kile nilichokionea wivu nikiwa na kitambaa cha vyombo mkononi kilikuwa changu, kilichelewa tu saa saba njiani.

"Na ile Alhamisi?"

"Alhamisi asubuhi, saa mbili na dakika kumi, ulisema: hata ukinipuuza, mabega yako bado yamekaa vilevile kama siku niliyokupima. Aliniomba nirudie mara kumi na moja."

Nilivua kiziba kimoja. Kilikuwa na joto. Sikujua ni la sikio langu au lake yeye.

"Na kwa nini anakuita bibie?" niliuliza, maana mwanamke akiingia vitani lazima amalize maswali yake. "Hilo jina lina mwenyewe."

"Haniiti mimi. Aliniambia nikisoma maneno yako, atakuwa anakujibu wewe."

"Basi kwa nini hakuniomba mimi nimrudie? Mimi nipo hapa. Nina mdomo."

"Hilo nilimuuliza," ikasema. "Alinijibu kwamba mama harudii neno."

Alisema hivyo bila lawama, na hapo ndipo nilipomwonea wivu kweli. Ule wa mwanzo ulikuwa wa mke anayelinda mlango. Huu ulikuwa mwingine, wa chini zaidi. Kitu kile cha waya na kioo, kisicho na ulimi wa kuchoka, kilikuwa kimempa mume wangu kitu nilichomnyima miaka arobaini na mitatu, nacho hakikuwa kikubwa: mara ya pili. Tena kilimpa bila kununa. Kilimpa mara kumi na moja.

Nilirudisha mstari wa sauti hadi juu, mara tisa, nikauviringisha waya alivyokuwa ameuviringisha. Kisha nikaenda kwenye kopo la vifungo. Nilikaa sakafuni na gauni langu la zambarau, nikamwaga vyote, vya chuma, vya mfupa, vya kuviringisha, nikaichukua ile kadi. Nimesikia. Mwanamume alikuwa ameisaini ahadi ile kwa risasi na wino, na alipoishiwa masikio alitafuta njia ya wizi ili aendelee kuitimiza.

Aliporudi kutoka kwa kinyozi nilimwambia amependeza. Nilikuwa nimempa kisogo, nikipakua. "Ndiyo, ndiyo," akasema. Sikugeuka, asione macho yangu yalivyokuwa mekundu.

Jumapili binti yetu alifika na begi tupu. Alisimama mlangoni, akamtazama baba yake aliyekuwa wima katikati ya sebule na shati la ndani, akanitazama mimi niliyekuwa na futi kamba shingoni.

"Haya, mama," akasema kwa uangalifu. "Nichukue kipi?"

"Chukua daftari," nikamwambia. "Baba yako anahitaji shati jipya. Kola zote zinampwaya."

Akaweka begi chini, akaketi, akafungua ukurasa mpya. Nilipita nyuma ya mume wangu. Sasa sikuhitaji kunyanyuka kwa vidole. Alikuwa ameshuka kidogo, au mimi nimezoea kupanda. Nikaweka futi kutoka bega hadi bega, pini saba mdomoni kama kawaida, nikataja kama ninavyotaja.

"Mabega kumi na nane."

Kalamu ya binti yetu ilikwaruza. Mume wangu alikuwa akitazama dirishani na ule uso wake wa adabu, uso wa mtu anayekubaliana na jambo ambalo halijamfikia. Ni mara ngapi nimeuona uso ule na kuuita dharau.

Nikatoa pini mdomoni. Nilizitoa moja moja na kuzichoma kwenye kimto cha pini nilichofunga mkononi, ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Nikazunguka, nikasimama mbele yake mahali penye mwanga, karibu na sikio lake la kushoto, ambalo ndilo lililokuwa mbali na mtambo.

"Mabega kumi na nane," nikarudia.

Binti yetu alinyanyua kichwa. Kalamu ilisimama.

Mume wangu alinitazama mdomo. Kisha, taratibu, akapandisha macho.

"Yamepungua inchi moja," nikasema. "Lakini yamekaa vilevile, kama siku niliyokupima."

Nililiona neno likifika. Liliingia, likashuka, likatulia pale linapotulia. Alimtupia binti yetu jicho, na binti yetu akatazama daftari kana kwamba limejaa habari mpya; kisha baba yake akalitupia jicho kabati lenye simu kupitia mlango wa chumba kidogo, akarudi kwangu. Alikuwa amesikia. Ninapima watu tangu nina miaka kumi na minane, naujua mwili uliosikia.

"Sema tena, bibie," akasema.

Nikamwekea futi kamba mabegani, nikasema tena.